Mtaro Ambao Haukupimwa

Wapendwa, kabla sijaanza, naomba kila mmoja wetu afumbe macho kidogo. Msilale, fumbeni tu.

Ioneni koki moja ya maji kwenye kiwanja cha udongo mwekundu, kule bondeni, mwisho kabisa wa kijiji. Mbele yake kuna ndoo ishirini na tatu zimepangwa mstari, na mstari huo haujasogea tangu juzi. Mama mmoja anainuka, anaifungua koki. Haitoki hata tone. Inatoa hewa tu, fuuu, kama mtu aliyechoka kupanda mlima. Anaifunga taratibu, anarudi kuikalia ndoo yake aliyoigeuza juu chini.

Mmemwona? Haya, fumbueni macho, niwasimulie habari za kijiji hicho.

Kilikuwa kwenye mteremko wa mlima. Juu kabisa, pembeni ya msitu, kulikuwa na chemchemi. Chini ya chemchemi kulikuwa na tangi la saruji, na kutoka kwenye tangi lilishuka bomba moja tu. Lilipita kitongoji cha juu, likapita cha katikati, likamalizikia bondeni. Hapakuwa na mashine wala umeme. Maji yalishuka yenyewe, kwa kuwa maji hayahitaji kufundishwa kushuka. Na bomba lile wanakijiji walilifukia kwa mikono yao, siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya ikichimba mtaro mbele ya shamba lake. Siku maji yalipofika bondeni kwa mara ya kwanza, akina mama walicheza mpaka khanga zikalowa.

Miaka miwili mambo yakaenda vizuri. Mwaka wa tatu kikaja kiangazi kirefu, na koki ya bondeni ikaanza kutoa maji asubuhi tu, kisha siku moja moja, kisha ile hewa mliyoisikia.

Sasa kamati ya maji ya kijiji hicho ilikuwa na mwenyekiti, mama mmoja mjane, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole na mkono usiokaa bure. Walimwita Mama Nakijwa, kwa jina la binti yake, na Nakijwa mwenyewe alikuwa anaolewa baada ya wiki sita. Mama Nakijwa alikuwa na shamba la magimbi pale kitongoji cha katikati. Ndiyo yaliyokuwa yamepangwa kuwalisha wageni wa harusi. Kiangazi kile magimbi ya watu wengine yalikunja majani yakawa kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Ya kwake yalitanda mapana, mabichi, ungeweza kujikinga jua chini yake. Akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akasema, "Bwana amelikumbuka shamba la mjane." Kanisa zima likaitikia amina.

Naona huko nyuma mmeanza kutazamana. Subirini, msinitangulie.

Ijumaa moja alasiri, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipanda kutoka bondeni na ndoo tupu kichwani. Akaitua kwa kishindo mbele ya mlango.

"Wifi, nimekuletea ndoo yako ya hewa. Imejaa pomoni. Uipokee vizuri isimwagike."

Mama Nakijwa akacheka kidogo, akampisha kwenye kigoda. "Karibu, wifi. Hata salamu hakuna?"

"Salamu nilikuwa nazo, zimeishia kwenye kile kilima. Nisikilize. Leo tumerudi kwenye bwawa. Lile lile la ng'ombe. Tumechuja kwa kitambaa, tumechemsha, lakini kuni zenyewe ziko wapi? Mtoto wa jirani yangu anaharisha tangu jana, macho yamezama. Wamemkimbiza zahanati kwa pikipiki."

Mama Nakijwa akaacha kucheka. "Atapona?"

"Huyo atapona, wanasema wamemuwahi. Je, wa pili? Wewe ndiye mwenyekiti wetu, wifi. Sisi wa bondeni tulichimba mitaro kama nyinyi. Tunataka kujua maji yetu yanaishia wapi."

Mama Nakijwa akamshika mkono. "Nitayatafuta, wifi. Nakuahidi mbele za Mungu, nitalifuata bomba hilo hatua kwa hatua mpaka niyapate."

Shikeni ahadi hiyo, maana aliisema kwa moyo wote. Hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu mwema kama wewe na mimi.

Akaenda kwa fundi wa kijiji. Fundi alikuwa mzee mwenye akili nyingi na masikio mabovu, kwa sababu alikaa miaka mingi pembeni ya mashine ya kusaga. Ukisema naye lazima upaze sauti. Fundi akafikiri, akasema, "Mama, nipe Jumapili. Wakati wa ibada hakuna anayechota. Watu wote wako kanisani. Nitafunga maji yanayoingia kwenye tangi, nitaweka alama ya mkaa ukutani kwa ndani. Mkitoka ibadani tutaangalia. Kama maji hayajashuka, basi bomba ni zima na chemchemi ndiyo imepungua. Yakishuka, kuna mahali yanatoka."

Ni njia rahisi, mnaona? Haihitaji mtu kutoka mjini. Inahitaji mkaa na uvumilivu. Basi Jumapili ile fundi akasali juu ya tangi, peke yake, na kanisani watu wakaimba. Walipotoka, wakapanda wote kwenda kuangalia. Maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima chini ya alama.

Hebu niwaulize. Mko kanisani wote, koki zote zimefungwa, na bado maji yanakwenda. Mngemfikiria nani?

Ndiyo hivyo hivyo. Wakaangaliana, na mmoja akasema kwa sauti, "Nani hakuwepo ibadani?"

Jibu lilikuwa rahisi, kwa sababu asiyekuja ibadani alikuwa mmoja tu anayejulikana. Alikuwa mfyatua matofali, bwana mmoja aliyehamia pale miaka michache nyuma, nyumba yake ikiwa hatua mia mbili chini ya shamba la Mama Nakijwa. Jumapili, watu wakipita na vitabu vya nyimbo, yeye alikuwa kifua wazi anakanyaga udongo. Na udongo wa matofali hukanyagwa kwa kitu gani? Kwa maji! Kesi ikaishia pale pale juu ya tangi, bila hata mshtakiwa kuitwa.

Lakini fundi akasema, "Taratibu. Kesho asubuhi tutalisikiliza bomba lenyewe."

Jumatatu, umande haujakauka, wakafunga koki zote ili bomba litulie. Fundi akachukua mchi wa kinu, mrefu, mkavu. Ukiusimamisha mchi juu ya ardhi pale bomba linapopita, ukaweka sikio kwenye ncha ya juu, unasikia. Bomba zima linakaa kimya. Bomba linalovuja linanong'ona. Lakini fundi hakuwa na masikio, si nimewaambia? Kwa hiyo mwenye kusikiliza akawa Mama Nakijwa. Fundi alionyesha mahali, yeye akainama na mchi, na nyuma yao likaja kundi la watu, wifi yake akiwa mbele.

Kitongoji cha juu, kimya. Kwa mwalimu mkuu, kimya. Kwenye kona yenye mti mkubwa, kimya. "Hapa hakuna kitu," alisema Mama Nakijwa kila mara, na kundi likasogea.

Wakafika kwenye magimbi yake.

Akasimamisha mchi kwenye njia, pembeni ya shamba, akaweka sikio. Akasikia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayenong'ona ndani ya mtungi, bila kupumzika. Akainua uso, akayaona majani yake mapana yakimetameta, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze akajiuliza yalikuwa yanakunywa nini.

Alielewa mara moja. Bomba likizibwa pale, magimbi yatanyauka ndani ya wiki mbili, na harusi ni baada ya sita. Aliwaona wageni wameketi na sahani tupu. Aliuona pia ule ushuhuda wake, na kanisa zima likiitikia amina.

"Vipi, wifi?" Wifi yake aliuliza. "Mbona umeganda? Umesikia?"

Watu wote wakasogea wakimngoja. Masikio yaliyosikia yalikuwa ya mtu mmoja tu.

"Kimya," alisema Mama Nakijwa. "Hapa hakuna kitu."

Wapendwa, msimzomee. Neno lile lilimtoka haraka kuliko alivyolifikiria, kama mkono unavyoukinga uso. Lakini lilishatoka, na kundi likashuka naye hatua mia mbili mpaka kwa mfyatua matofali.

Yule bwana alikuwa anapanga matofali mabichi juani. Alipowaona akanyoosha mgongo.

"Shikamoo mama," alimwamkia Mama Nakijwa. "Karibuni. Leo mmekuja wengi, kuna msiba?"

"Msiba uko bondeni!" kijana mmoja alifoka. "Udongo wako umelowa kwa maji ya nani?"

"Kwa maji ya mtoni. Punda wangu yule pale, na madumu yake manne. Mwulizeni, yeye hasemi uongo."

Wachache wakacheka, wengi hawakucheka. "Mkatieni koki!" walipiga kelele. Kijana mwingine akaliinua tofali bichi, akalibamiza chini likatawanyika. Kisha la pili. Yule bwana akalitazama tope lile, kazi yake ya asubuhi, lakini hakumgusa mtu. Akamgeukia fundi, akapaza sauti makusudi.

"Mzee, mimi sina maneno mengi. Nipimeni. Sikilizeni kwangu kote, chimbeni mnapotaka. Hata chini ya kitanda."

Mama Nakijwa akasimamisha mchi, akasikiliza. Hapakuwa na kitu. Akasogea, akasikiliza tena. Hapakuwa na kitu. Aliendelea kuinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alijua akiinuka atatakiwa kusema.

Wifi yake akamkaribia, akamnong'oneza, "Wifi, sema umesikia. Wewe ukisema, hakuna atakayebisha. Tumkatie huyu, tumalize. Watoto wetu wanakunywa kinyesi cha ng'ombe."

Hapo nataka mtulie na kufikiri pamoja nami. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema neno moja tu, nimesikia, na magimbi yangebaki, harusi ingefana, jina lake lingebaki jeupe. Lakini je, bondeni wangepata maji? Wangemkatia mtu asiye na hatia, na kesho yake ile koki ingetoa hewa ile ile. Lile bomba halikujua jina la mzee wa kanisa. Lilijua lilipopasuka tu.

Mama Nakijwa akainuka. Akauweka mchi mikononi mwa wifi yake.

"Shika, wifi. Turudi kwangu, ukasikilize mwenyewe. Mimi nilisikia pale, nikasema sikusikia."

"Unasema nini?"

"Nilidanganya, wifi. Maji yenu yako kwenye magimbi yangu." Kisha akamgeukia mfyatua matofali, akapiga goti la heshima palepale kwenye tope. "Baba, nisamehe. Matofali yaliyovunjwa ni juu yangu."

Yule bwana akamshika mikono yote miwili. Akamwinua tu. "Inuka, mama, utachafuka," alisema, kisha akachukua sururu yake akapanda nao.

Wakachimba kwenye mpaka wa shamba. Mnajua walichimba mapigo mangapi? Manne. Pigo la nne sururu iligusa bomba, na maji yakaruka mpaka usoni mwa wifi. Akajipangusa kwa khanga, akamtazama Mama Nakijwa, akatazama magimbi.

"Kumbe Bwana alilikumbuka shamba la mjane kwa ndoo zangu!"

Watu wakacheka, hata Mama Nakijwa akacheka huku analia. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, upana wa mdomo wa jembe kabisa. Akakumbuka. Siku anapanda magimbi, jembe liligonga kitu kigumu, akadhani ni jiwe, akaendelea.

Lakini fundi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa analitazama lile shimo fupi. Akachukua fimbo yake ya kipimo, ile aliyotumia siku za msaragambo. Sheria ilikuwa mtaro uingie fimbo nzima, mpaka kiunoni mwa mtu mzima, ili jembe lisilifikie bomba kamwe. Akaisimamisha shimoni. Haikufunikwa hata robo.

"Mbona juu juu hivi?" wifi akauliza kwa sauti. "Mzee, siku ile ulipima mitaro yote, si ndiyo? Kwangu ulinirudisha mara mbili, mpaka nikakutukana moyoni."

Safari hii fundi alisikia vizuri, akaichomoa fimbo shimoni.

"Hapa sikupima," alisema. "Nilifika na fimbo yangu, nikamkuta mama ameandaa chai na maandazi. Nikasema, huyu ni mzee wa kanisa, ni mwenyekiti wetu. Nikimpimia mtaro itaonekana simwamini. Nikanywa chai, nikapita."

Mama Nakijwa akafunika mdomo. Alikumbuka chai ile. Alikumbuka pia kwamba siku ile mgongo ulimuuma, mchana ulikuwa umekwenda, na alijua mtaro wake haujafika kina. Alingoja aambiwe achimbe tena. Hakuna aliyemwambia. Akashukuru.

"Na kwa huyu bwana?" wifi aliuliza, akimwonyesha mfyatua matofali.

"Kwake?" Fundi akatikisa kichwa. "Kwake nilipima kila hatua. Nilipomaliza nikarudi jioni nikapima tena. Nilisema, huyu hana dini, atatuharibia bomba. Ule ndio mtaro mzuri kuliko yote kijijini."

Wapendwa, sikilizeni hapo. Mtu waliyemshuku, kushuku kwao kulimpa mtaro imara. Na mtu waliyempenda, walimheshimu mpaka wakamwacha na bomba juu juu, karibu na jembe. Nani kati ya hao wawili alitendewa wema?

Nisimalize bila kuwaambia yaliyofuata. Fundi alikata kile kipande kibovu, akaunga bomba kwa kiungo kipya, na mfyatua matofali na wifi wakachimba mtaro ule upya mpaka fimbo ikazama yote. Jioni ile ile koki ya bondeni ilikohoa, ikatema tope, kisha ikatoa maji. Magimbi? Ndiyo, zaidi ya nusu yalikauka. Yaliyosalia yaling'olewa, na siku ya harusi akina mama wa bondeni walipanda mlima na masufuria ya ndizi bila kuombwa. Kijana aliyevunja matofali alifyatua mengine, Jumamosi mbili.

Na Mama Nakijwa aliomba jambo moja kwenye kamati. Aliomba fundi azunguke tena na fimbo yake, aanzie kwenye nyumba zote walizoziheshimu. Kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa mwalimu mkuu. Kwa mchungaji. Mchungaji alijitahidi sana kumwandalia chai, lakini fundi alisema atakunywa baadaye. Msiniulize alikuta nini.

Sasa sisi. Mimi nawajua, na nyinyi mnanijua. Humu ndani tuna watu ambao hatuwapimi. Mzee wetu, mwimbaji wetu, mtoa sadaka mzuri, baba asiyeulizwa nyumbani, mwalimu ambaye mtoto hathubutu kumwambia amekosea. Tunaona ni heshima. Tunapita na fimbo zetu mkononi, tunakunywa chai, tunakwenda zetu. Halafu kuna mtu bondeni, mtoto pengine, anafungua koki anapata hewa, na sisi tunamtafuta mwizi kwa yule asiyekaa nasi kwenye benchi.

Tena wakati mwingine wasiopimwa ni sisi wenyewe. Tunajua pale tulipochimba nusu kwa sababu mgongo uliuma. Tunangoja mtu atuambie, na asipotuambia, tunashukuru. Nawaambia bila wasiwasi, kwa sababu nimeona watu wengi wakifanya: inawezekana kuurudia mtaro. Sururu zipo. Majirani wapo, hata wale tuliowavunjia matofali. Ardhi inachimbika mara ya pili kama ilivyochimbika ya kwanza, na maji yakipewa njia hayana kinyongo, yanashuka.

Basi mkienda nyumbani, mengine yote mnaweza kuyasahau, hata jina la huyo mama. Nawaomba mkumbuke hili moja tu. Siku mtu atakapokwambia kwa heshima na upendo, "Wewe hatuna haja ya kukupima," mshukuru, kisha mwambie taratibu, "Nipime."